Jibu: Ngamia wana kingamwili za MERS, je, ni wagonjwa?

Ndugu, umeuliza kama uwauze ngamia wako wa Marsabit kwa sababu kipimo cha damu kimeonyesha MERS, ugonjwa wa kupumua unaoletwa na kirusi cha korona na unaoweza kumpata binadamu kutoka kwa ngamia. Usiharakishe. Kipimo hicho hutafuta kingamwili, yaani alama kwamba mwili uliwahi kupambana na kirusi. Ngamia wakubwa wengi wa pembe hii ya Afrika wanazo. Zimekutwa hata kwenye damu iliyochukuliwa Somalia na Sudan mwaka 1983, miaka mingi kabla kirusi chenyewe hakijatambuliwa kwa binadamu, Saudi Arabia, mwaka 2012.

Ukitaka kujua nani anatoa kirusi leo, mwite daktari wa mifugo achukue ute wa puani. Kijiti chenye pamba kinaingizwa ndani kabisa ya pua, kinazungushwa, kisha kinatiwa kwenye kichupa chenye dawa ya kuhifadhi na kupelekwa maabara kikiwa kwenye barafu kwa ajili ya PCR, kipimo kinachotafuta chembe za urithi za kirusi chenyewe. Aanze na ndama walioishiwa kinga ya mama. Hao ndio hukutwa na kirusi zaidi, na wengi huonyesha kamasi tu, au hawaonyeshi chochote. Kirusi hakikai puani muda mrefu, kwa hiyo kundi lipimwe zaidi ya mara moja.

Vile vigaga vya midomoni ulivyotaja ni habari nyingine. Nashuku ndui ya ngamia, ingawa orf, ugonjwa mwingine wa ngozi unaoletwa na kirusi, hufanana nayo mno. Kigaga chenyewe ndicho sampuli, si damu.

Maziwa chemsheni ili kuua vijidudu, hata kama wazee waliozoea mabichi watanuna.