Kesi za mahari India: ndugu wa mume wanajitoaje?

Nipo Dar, kaka yangu kaoa Ahmedabad. Mkewe kafungua kesi ya mahari na jina langu limo, wakati hata kwao sijawahi kulala. Nifanyeje?

Pole sana dada. Kwa wasiojua, kule mali inatoka kwa kina binti kwenda kwa mume, kuidai ni kosa tangu sheria ya 1961, na mwaka 1983 kikaja kifungu 498A, yaani mume au ndugu zake wakimtesa mke ni jela hadi miaka 3 na faini (kwenye sheria mpya iliyoanza kutumika 2024 ni vifungu vya 85 na 86 ila watu bado wanasema 498A). Wakili wako apeleke ombi Mahakama Kuu ya Gujarat, jimbo ambalo Ahmedabad ipo, kesi ifutwe kwa upande wako. Jaji atasoma malalamiko anatafuta wewe ulifanya nini, lini, wapi. Kama imeandikwa juujuu tu "mume, mama mkwe na wifi walinidai hela na gari", una nafasi nzuri kwa kweli, maana 2022 kwenye kesi ya Kahkashan Kausar dhidi ya jimbo la Bihar, Mahakama ya Juu iliwafutia wakwe kwa sababu hiyohiyo.

Nikitua India watanidaka?

Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Arnesh Kumar 2014 polisi hawatakiwi kukamata kamata ovyo, wanaanza na wito. Lakini usikate tiketi kabla wakili hajaangalia kama kuna hati yoyote juu yako.

Na wakipatana?

Mke peke yake kusema nimesamehe mara nyingi haitoshi, ila Mahakama Kuu inaweza kufuta, hilo liliamuliwa 2003. Hakikisheni amerudishiwa dhahabu na vitu vyake.

Kwa hiyo hawa wanawake ni waongo?

Hapana jamani, tusifike huko! Takwimu za serikali ya India za 2022 zina vifo zaidi ya 6,000 vya mahari, kwa mwaka mmoja. Hata Desemba 2024 Mahakama ya Juu ilipofuta kesi dhidi ya Dara Lakshmi Narayana, mume aliyeshtakiwa na mkewe, ilisema wazi haimaanishi anayeteswa akae kimya. Kutaja ukoo mzima bila kueleza nani kafanya nini kunamuumiza na mke mwenyewe, kesi yake inayumba. Ila kama malalamiko yanasema tarehe fulani mama mkwe alimfungia jikoni akamnyima chakula mpaka baba yake alete hela ya pikipiki, huyo mama akajibu mahakamani, na mimi simwandikii ushauri wa kuchomoka.