Kabla Hujashika Bisibisi: Kwa Unayeanza Kufungua Kompyuta ya Mezani

Umeme ukikatika, anayeanza kazi hii huona ndiyo nafasi nzuri ya kufungua mashine. Na mimi nilidhani hivyo. Wiki ya pili ya kujifunza, mtaa mzima ulikuwa gizani, nikaweka tochi ya simu mezani, nikafungua kava na kushika RAM, kile kibao chembamba cha kumbukumbu, niichomoe. Fundi wangu akanidaka mkono. "Mwanangu, hiyo taa inawashwa na nini?" Kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya mashine, kulikuwa na kitaa cha kijani, kidogo kama punje ya mtama, kinawaka. Waya wa mashine ulikuwa umechomekwa kwenye UPS, lile boksi la betri linaloendelea kutoa umeme ukikatika, chini ya meza.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuchomoa waya nyuma ya mashine yenyewe, ukauona mezani kwa macho yako. Usitegemee swichi ya ukutani. Swichi nyingi za ekstensheni hukata waya mmoja tu, na kama aliyefunga soketi aligeuza nyaya, ule wenye moto, yaani unaobeba umeme, unabaki unaingia ndani. Kuzima kompyuta peke yake pia hakutoshi. Ikiwa imezimwa lakini waya umo, pawasaplai, kile kiboksi cha ndani kinachopokea umeme wa waya, inaendelea kupeleka volti 5 kwenye mazabodi ili kitufe cha kuwashia kikibonyezwa mashine iitike. Volti 5 hazikuumizi wewe, lakini ukichomoa RAM zikiwa zinapita unaweza kuiua RAM na mazabodi pia.

Chomoa na nyaya za skrini, printa na mtandao, maana vifaa hivyo vina umeme wake. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kama sekunde 10. Mara nyingine utaona feni inashtuka na kusimama. Ni umeme uliobaki unaisha. Ngoja mpaka kitaa kizime kabisa.

Pawasaplai usiifungue. Hapa nakusihi kama mdogo wangu. Umeme wetu wa volti 230 ukishageuzwa humo ndani hufika takriban volti 325, na kapasita yake kubwa, kipande kinachohifadhi umeme, inaweza kuendelea kuushika hata baada ya waya kuchomolewa. Ikiharibika, badilisha nzima.

Halafu kuna umeme tuli, ambao wengi huudharau kwa sababu hauonekani. Ukivua sweta Dodoma wakati wa kiangazi ukasikia inatatarika, huo ndio wenyewe. Mwili wa mtu hauuhisi mpaka ufike kama volti 3,000, lakini kuna vipande ndani ya kompyuta vinavyoharibika chini ya volti 100, nawe usijue umefanya nini. Mashine itaondoka nzima, irudi baada ya mwezi inajizima yenyewe. Gusa chuma kisichopakwa rangi cha boksi kabla ya kushika chochote, na urudie kila ukiinuka na kurudi. Shika RAM kwa kingo zake, usiguse ile safu ya dhahabu. Vua pete na saa.

Ukiwa na mkanda wa mkononi wa kuondoa umeme tuli mwilini, tumia. Ila nimeona vijana wakijitengenezea kwa kipande cha waya mtupu. Usifanye hivyo kamwe: mkanda halisi una kizuizi cha umeme (rezista) cha megaohm 1 ndani yake, na hicho ndicho kinachokulinda wewe ikitokea umegusa waya wenye moto.

Muulize pia mwenye mashine: ukigusa boksi ikiwa imewashwa, linakutekenya vidole? Akisema ndiyo, mara nyingi waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, haujaungwa nyumbani kwake. Aite fundi umeme aukague kwanza; kazi hiyo ni yake, si yako.

Kabla ya kuchomoa chochote piga picha, hasa zile nyaya nyembamba za kitufe na taa za mbele. Vumbi lipulizie nje, feni umeizuia kwa kidole isizunguke.

Skrubu ziweke kwenye kisahani, uzihesabu unapozitoa. Wakati wa kufunga, moja ikikosekana, usichomeke waya bado. Inua boksi, liinamishe taratibu upande mmoja kisha mwingine, usikilize kama kuna kitu kinaviringika nyuma ya mazabodi.