Sare ya Matanga na Pesa za Chama

SWALI: Hujambo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza omena (dagaa) hapa Nyalenda, Kisumu, na baba watoto ni wa bodaboda. Baba mkwe wangu alifariki, tutamzika kwao Alego baada ya wiki tano kwa sababu tunamngoja shemeji aliye Marekani. Mchango wa familia tulishatoa, shilingi 5,000, tena kwa kujikamua. Sasa kwenye kikundi cha WhatsApp imeletwa picha ya kitenge cha zambarau chenye maua ya dhahabu. Sisi wake wa boma lile, mimi na nyieka zangu watatu (wake wa ndugu za mume wangu), tushone gauni la namna moja, waume washone mashati, watoto nao wavalishwe hivyo hivyo. Halafu kuna fulana zenye picha ya mzee, za kuvaa Ijumaa tukitoa mwili mochari. Nimepiga hesabu: kitenge 1,800, kushona 1,500, shati la baba watoto 1,400, nguo za watoto 2,700, fulana tano 2,500. Jumla 9,900. Siku ikiwa nzuri, omena huniachia 500.

Kila jioni wifi hutuma orodha. Aliyelipa ana tiki ya kijani. Yamebaki majina mawili bila tiki, na langu ni mojawapo. Nilipouliza kama ni lazima, nikajibiwa, "Hii ni desturi ya nyumbani." Mzee alinipenda. Ndiye aliyenitetea nilipozaa wasichana watupu. Sitaki isemwe sikumjali. Mimi ndiye mweka hazina wa chama chetu, na pesa za mzunguko ziko kwenye simu yangu hadi mwisho wa mwezi. Nimewaza nichukue humo, nirudishe pole pole. Nifanyeje?
Muuza Omena, Nyalenda

JIBU: Pole kwa msiba, mama. Mzee aliyemtetea mke wa mwanawe kwa jambo hilo si wengi wanaye.

Nitaanzia mwisho wa barua yako, maana ndipo moto ulipo. Pesa za chama usiziguse. Usichukue hata mia mbili ya nauli. Katika chama chetu hapa Kibuye, mwenzetu mmoja alichukua 6,000 za mzunguko mtoto wake alipokuwa anahitimu. Alinunua keki na viatu, na moyoni hakuwa anaiba, alikuwa "anaazima". Mwisho wa mwezi ukafika, zamu ikawa ya mama ambaye watoto wake wametumwa nyumbani kwa karo. Tulimsamehe, lakini hadi leo akija sokoni Jumapili hupitia nyuma ya vibanda vya viazi asikutane nasi. Wewe unauza omena kwa watu wale wale unaowawekea hazina. Ukikosa gauni watu watasema wiki moja. Ukikosa pesa zao, gorogoro yako, kopo lako la kupimia, haitapata mnunuzi. Na usije ukakimbilia Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, badala yake. Asilimia 1 ya kuanzia huonekana ndogo, lakini ada ya kila siku haina habari kwamba uko matangani.

Sasa nikuambie jambo ambalo mafundi wenzangu hawatafurahi nikilisema. Sare za matanga ndizo zinazonilisha. Nilipoanza kushona mwaka 1986, msiba uliniletea gauni la mjane na kitambaa cha ndani ya jeneza, basi. Waombolezaji walikuja na nguo walizokuwa nazo, labda wamezifua. Siku hizi vitambaa vinaniangukia Jumatano, gauni kumi na nne, na zote zinatakiwa Ijumaa alfajiri. Kwa haraka hiyo naongeza bei, na hakuna anayebisha, kwa kuwa nani atabishana na fundi mbele ya maiti? Na mara nyingi nimeona yule anayechagua kitambaa akipewa chake bure na mwenye duka, kwa kuleta wateja wengi pamoja. Simsemi wifi yako, simjui. Lakini muulize kwa upole bei ya jumla ni ngapi, kisha unyamaze umsikilize.

Hilo la desturi limenichekesha kidogo, nisamehe. Katika tero buru (desturi yetu Waluo ya msiba) nilizoona kwetu kuna ng'ombe, kuna mikuki na matawi, kuna watu wakikimbia kukifukuza kifo. Sijaona yadi sita za kitenge. Kitenge chenyewe babu yake ni batiki ya Java, ambayo Wazungu wa Uholanzi waliiga kwa mashine. Kiwanda cha Vlisco pale Helmond kipo tangu 1846. Vingi vya hivi tunavyouziana Kibuye vimetoka China. Mimi navipenda, ndivyo vilivyosomesha wanangu, lakini sitakubali mtu akuambie kwamba mababu wa Alego watakasirika ukikosa zambarau.

Mwaka jana alinijia mjane kupimwa. Nilipomzungushia futi kiunoni nikakuta amepungua inchi tatu tangu nimshonee mara ya mwisho. Wanawe walikuwa wamesimama mlangoni, wamependeza, wanapigana picha. Akaniinamia sikioni: "Fundi, niachie upindo mpana ndani, hata vidole vinne." Nikadhani anatarajia kunenepa. Akasema, "Hapana. Nataka atakayenunua aweze kulipanua." Gauni la kumzikia mumewe alikuwa ameshalipangia mnunuzi kabla sijalikata. Nilimwachia vidole vitano.

Kwa hiyo fanya hivi. Fulana zifute kabisa, zote tano. Picha ya mzee itakuwa kwenye programu ya mazishi na juu ya jeneza, hakuna atakayesahau sura yake. Kitenge nacho usikikatae chote, kwa sababu utaishi na nyieka zako miaka mingi baada ya hema kung'olewa. Yadi sita ni nyingi mno kwa mtu mmoja mwenye mkono mdogo. Mtafute huyo mwingine asiye na tiki (nakuhakikishia naye halali usingizi), mnunue kipande kimoja mgawane. Yadi tatu kila mmoja zinatosha kilemba chako, skafu ya kuning'iniza begani, na vitambaa vya kichwa vya wale wasichana. Hiyo ni 900 yako. Chini vaa gauni jeusi au jeupe ulilo nalo. Mume avae shati jeupe, mfukoni nimshonee kipande cha zambarau.

Haya usiyaandike kwenye kikundi. Pale hata salamu huwa kesi. Na usiyaseme wewe. Aliyefiwa na baba ni mumeo, kwa hiyo yeye ndiye apige simu kwa kaka yake mkubwa, kwa sauti, jioni wakiwa wametulia, aseme: "Tumetoa mchango, sare tutavaa kadiri ya uwezo, na mke wangu atakuja Jumatano na omena ya kuwalisha wanaokesha." Hilo la mwisho lina uzito kuliko unavyodhani. Mimi nimekesha matanga mengi, na saa tisa usiku sijasikia mtu akiulizia rangi ya gauni. Huulizia chai, na kama kuna kitu cha kusukumia ugali. Gorogoro mbili zako za omena, zikikaangwa vizuri na nyanya, nyieka zako watazitaja kwa jina lako.

Wifi anaweza kununa. Mwache anune, mpe kazi ya kuonja chumvi.

Na kama mume akikataa kupiga simu hiyo, niandikie tena, maana hapo tatizo litakuwa jingine na mimi nina maneno yake.

Mkishanunua, njooni Kibuye Jumatatu, si Jumatano. Ulizieni fundi mwenye Singer nyeusi ya kukanyaga karibu na wauza ndizi. Sema tu wewe ni yule wa omena. Kilemba, skafu na vya wasichana nitakutoza 400, na upindo nitauacha mpana.