MacGyver ya mzee, ile yenyewe, inapatikana wapi?

Habari kaka. Mimi ni msomaji wako wa Kiborloni, Moshi. Mzee wangu saivi ana miaka 74, magoti hayamruhusu tena kushuka shamba kila siku kwahiyo anashinda nyumbani. Zamani miaka ya tisini tulikuwa na TV ya chogo na antena ya mlingoti mrefu nyuma ya nyumba, mzee yuko nje anauzungusha sisi tuko ndani tunapiga kelele "hapo hapo! rudisha kidogo!" mpaka tunanasa stesheni za Kenya, na alichokuwa anakitafuta yeye ni ile tamthilia ya Kimarekani ya MacGyver tu. Mwezi uliopita nikapita duka moja mjini wanauza MacGyver sizini zote, CD mbili kwa elfu kumi, nikachukua bila kufikiria mara mbili. Kufika nyumbani picha ina ukungu, juu kwenye kona kuna nembo ya stesheni nisiyoijua, chini maandishi ya lugha nisiyoijua, episodi nyingine zinakatika katikati. Mzee ameangalia dakika kumi akaniambia "zima tu mama, inatosha". Iliniuma sana. Nataka nimtafutie orijino. Nainunua wapi na nitajuaje sijapigwa tena?

Dadangu pole sana, na shikamoo zangu zimfikie mzee. Hiyo "zima tu mama" nimeisoma mara tatu, maana meku, yaani mzee, wa umri ule hakuomba kitu kikubwa, alitaka tu aone kazi anayoipenda kama alivyoiona zamani, na wewe hela umetoa.

Kabla hujatoa hela tena anza na hili: mwenye mali aliwahi kuitoa kwenye DVD? Maana kuna tamthilia nyingi za zamani hazijawahi kutoka kabisa, kwahiyo yeyote anayekuuzia anakuuzia kitu ambacho mtu amerekodi sebuleni kwake. Ya mzee bahati nzuri imetoka yote. MacGyver ilirushwa Marekani na stesheni ya ABC kuanzia 1985 mpaka 1992, misimu 7, episodi 139, na DVD zake ni za kampuni ya Paramount. Hizo namba ziandike kwenye karatasi uende nazo dukani, kwasababu zenyewe tu zinatosha kukuokoa. Piga hesabu hapa: episodi moja inakaribia dakika 50, DVD ya kiwandani inabeba kama nne hivi ili picha ibaki safi, kwahiyo MacGyver nzima lazima ipite CD thelathini. Wewe umepewa mbili. Ni sawa na kupakia abiria wa basi la Dar kwenye Noah moja, wataingia wakibanwa lakini hakuna atakayefika salama, ndio maana ule ukungu uliouona.

Alafu angalia mwaka. Kuna MacGyver mpya ya 2016 mpaka 2021, kijana mwingine kabisa anacheza, na wauzaji wengi wa mtandaoni wanaandika jina tu. Ya mzee anacheza Richard Dean Anderson. Kama kwenye kava humuoni yeye, rudisha.

Sasa feki na orijino. Hapa mezani ninapoandika nimeziweka mbili pembeni ya kikombe cha chai, moja nilipewa na chalii wa Kaloleni aliyekuja kuniuliza swali kama lako, nyingine ni boksi langu nililonunua Arusha 2015, kipindi ile mahakama ya Rwanda pale kwenye jengo la mikutano la AICC inafungwa na wageni wengi wanauza vitu vyao vya ndani kabla ya kuondoka. Ile feki nimelowesha kidole nikapitisha kwenye kava, wino umenibakia kidoleni. Nikigeuza CD chini ina rangi ya zambarau, yaani ni ile ya kubani kwenye kompyuta. Ile orijino chini inang'aa fedha kama sufuria mpya, na ukiisogeza karibu na dirisha, kwenye duara dogo la katikati karibu na tundu, utaona namba ndogo ndogo na herufi IFPI zimechongwa humo, ndizo zinazoonyesha kiwanda kilichoikandamiza. Ile ya chalii hapo katikati hamna namba hata moja. Nyuma ya kava orijino imeandikwa jina la kampuni, mwaka, jumla ya dakika, lugha zilizomo, na kimchoro cha dunia chenye namba ndani yake. Kama boksi limetoka Uingereza lazima pia uone alama ya umri ya BBFC, bodi yao ya kupanga filamu kwa umri, ile ya U au PG au 12 au 15, kule ni sheria toka 1984. Boksi linasema limetoka London na halina hiyo alama, achana nalo. Na nembo ya stesheni kwenye kona, dada, hiyo huwezi kuikuta kwenye orijino hata siku moja, hiyo ni TV ya mtu imerekodiwa.

Hicho kimchoro cha dunia usikiruke, wengi wanaumia hapo. DVD zimegawanywa kwa kanda za dunia: Marekani ni namba 1, Uingereza na Afrika Kusini ni 2, sisi Tanzania tuko 5. Ndio maana mtu anatumiwa zawadi na shemeji yake kutoka Texas anaiweka kwenye deki inagoma, analaani CD kumbe CD haina kosa. Deki nyingi za Kichina tulizonazo zinasoma namba zote, na nyingine zinabadilishwa kwa rimoti kwenye menyu, kwahiyo jaribu kwanza deki yenu na CD yoyote orijino ya Marekani ya kuazima kabla hujaagiza boksi zima. Kitu kingine, mfumo wa picha za TV Marekani wanatumia NTSC sisi PAL. Kama mzee bado ana ile TV ya chogo, picha inaweza kuja nyeusi na nyeupe au ikawa inapanda tu kama lifti. TV za flati zinakula zote mbili, hapo usiwe na presha.

Kununua sasa. Kwa uzoefu wangu madukani kwetu, Moshi na Arusha, boksi halali la tamthilia ya zamani ni la kubahatisha. Njia ninayoiamini ni ndugu aliye nje akununulie kwenye duka linaloeleweka, hata yaliyotumika maana boksi lililotumika ni halali kabisa, mwenye kazi alishalipwa siku ya kwanza, mwambie tu akupigie picha upande wa chini wa CD na ile duara ya katikati kabla hajalipa. Kama kuna mtu anakuja kupitia uwanja wa ndege wa KIA abebe kwenye begi. Kama ni Posta, mwambie aweke risiti ndani ya kifurushi, kwasababu ushuru utakadiriwa, na bila risiti mtabishana bei pale dirishani mpaka uchoke. Kitu kingine, anza na msimu mmoja, mzee akiufurahia ndio uendelee, boksi lote kwa mpigo ni hela nyingi.

Najua akimaliza hiyo ataomba nyingine, kwahiyo nikuandae. Zipo ambazo utatafuta mpaka uchoke, na sababu sio kwamba hazipendwi. Batman ile ya 1966 mpaka 1968 dunia nzima inaijua, ila DVD zake halali zimetoka 2014 tu, karibu miaka 50 baadaye, kwasababu kampuni ya Fox ndio waliotengeneza tamthilia na mhusika mwenyewe ni wa DC, wachapishaji wa vitabu vya katuni, ambao wako chini ya Warner, hakuna aliyeweza kuuza bila mwenzake kukubali. Nyingine zinakwama kwenye muziki. Kuna komedi ya Marekani inaitwa WKRP in Cincinnati, inahusu kituo cha redio kinachopiga muziki, imerushwa 1978 mpaka 1982, ndani imejaa nyimbo za watu. Haki za nyimbo zilinunuliwa kwa ajili ya kurusha hewani, za kuuza CD hazikuwepo, sasa msimu wa kwanza ulipotoka kwenye DVD 2007 nyimbo nyingi wakazitoa wakapachika muziki mwingine, waliokuwa wanaikumbuka wakaumia kweli, mpaka kampuni ya Shout! Factory walipotoa seti nzima 2014 wakiwa wamelipia nyimbo nyingi zaidi zikarudi. Kwahiyo hata kwenye halali uliza toleo la mwaka gani. Mimi hapa nakaza kabisa: bora usubiri miaka miwili upate toleo zuri kuliko kununua haraka kazi iliyonyofolewa.

Kaka mambo, niko Ngarenaro Arusha. Mama yangu alikuwa anarekodi maigizo ya Kaole ya ITV kwenye kanda za VHS, tuna boksi la kanda kama ishirini juu ya kabati. Je naweza kupata DVD zake halali nizitupe hizi kanda zinazojaza vumbi? Na je zikiwa hazipo nikizihamishia kwenye flashi ni kosa?

Usitupe! Tafadhali mwanangu, kabla hujamaliza kusoma hapa zishushe hizo kanda toka juu ya kabati.

Nimezunguka maduka ya Arusha na Moshi miaka yote hii na boksi halali la maigizo yale halijawahi kupita mikononi mwangu, nimeona za kubani tu. Kwahiyo pa kwenda ni kwa mwenye mali, yaani ITV wenyewe pale Mikocheni. Andika barua inayoeleweka: igizo gani, mwaka gani kwa kukadiria, siku gani ya wiki lilikuwa linarushwa, na uulize kama wanauza nakala kwa matumizi ya nyumbani. Watu wengi wakiuliza ndio wenye mali wanajua kuna soko. Kenya mfano mzuri upo, televisheni ya taifa KBC wanaweka maigizo ya Vitimbi na Vioja Mahakamani kwenye chaneli yao wenyewe ya YouTube, hiyo ni halali na ni bure, mwonyeshe mama leo hii hii.

Kwanini nakuambia usitupe, sikia hii. BBC ya Uingereza miaka ya sitini na sabini walikuwa wanafuta kanda zao, episodi nyingi za tamthilia yao ya Doctor Who zikapotea kabisa, wenyewe hawana. 2013 ikatangazwa kwamba episodi tisa zimepatikana, na zimepatikana wapi? Jos, Nigeria, kwenye stoo ya kituo cha TV, kwasababu zamani BBC walikuwa wanaziuza Afrika na zile nakala zikabaki zimekaa tu rafuni. Wenye mali wakazichukua wakazisafisha wakauza halali, dunia ikaziona tena. Hizo za mama yako zinaweza kuwa na kipindi ambacho hata kituo chenyewe hawana tena, kwahiyo ukiwaandikia ITV waambie unazo, taja na miaka.

Zisimamishe wima kama vitabu, ndani ya makava yake, mbali na spika na mbali na jua. Fungua kile kifuniko cha kanda uangalie utepe, ukiona unga mweupe ni ukungu, usiiweke kwenye deki kabisa maana itachafua hedi, yaani kichwa cha deki kinachosoma utepe, na kila kanda itakayofuata. Deki za VHS nazo zinaisha, Funai wa Japani ndio walikuwa wa mwisho kuzitengeneza na waliacha Julai 2016, kwahiyo ukimpata fundi mwenye deki nzima mtunze. Kuhamishia kwenye flashi ili mama aangalie nyumbani na kanda isife nayo, hiyo ni kutunza. Lakini siku utakapoanza kuwakopia majirani kwa buku mbili mbili, umeshaingia kwenye kosa lile lile la yule aliyemuuzia dada wa Kiborloni, sheria ya hakimiliki ya 1999 iko wazi na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo kwa kazi hiyo. Wale waigizaji baadhi yao bado wako hai, tena wengine maisha yao sio mazuri.

Naitwa Mama Gift, Sakina. Mume wangu kaletewa DVD ya tamthilia ya zamani, kava limeandikwa Warner Archive na kila kitu, lakini chini ni ya zambarau. Ulishawahi kusema zambarau ni feki. Tumepigwa?

Hapana Mama Gift, na umefanya vizuri kuuliza kabla hamjaitupa. Warner Archive, ambao ni kitengo cha Warner, toka 2009 wanatoa kazi za zamani ambazo wateja wake ni wachache, kwahiyo nyingi wamezibani moja moja kwa oda badala ya kuzikandamiza kiwandani maelfu kwa maelfu, ndio maana ya ile rangi. Nyuma ya kava kwa herufi ndogo huwa wanaeleza wenyewe kwamba diski ni ya kurekodiwa. Ukiyaona hayo maelezo, chapa ya kava ni safi na wino hautoki kwenye kidole chenye maji, basi mna kitu halali. Ila za kubani hazivumilii jua kama zile za kiwandani, mkimaliza kuangalia irudisheni kwenye kava lake, na msiiache pale dirishani juu ya king'amuzi.