Treni ya MARTA na kaunti ya Cobb

Ndugu, umeuliza kwa nini treni ya MARTA, shirika la usafiri wa umma la eneo la Atlanta, Georgia, haifiki kaunti jirani ya Cobb, na kama umwandikie mbunge anayewawakilisha kwenye Bunge la Marekani kule Washington. Mwandikie, lakini si yeye aliyeizuia. Wapiga kura wa Cobb wenyewe walikataa kuingia MARTA mwaka 1965, na ubaguzi wa rangi wa enzi zile huwezi kuutenga na kura hiyo. Novemba 2024 waliulizwa tena, safari hii kuhusu kodi ya mauzo ya asilimia 1 kwa miaka 30 ili kupanua huduma za mabasi. Wakakataa tena. Kaunti jirani ya Gwinnett nao walikataa kodi kama hiyo siku hiyohiyo. Kaunti ya Clayton walikubali kuingia MARTA mwaka 2014, na leo wana mabasi ya MARTA.

Mbunge anaweza kusaidia kutafuta fedha za serikali kuu. Kodi na njia za mabasi yenu huanzia kwa makamishna wa kaunti, na vikao vyao viko wazi kwa wananchi. Nenda ukazungumze, nenda na majirani.

Tena mipaka ya majimbo ya ubunge huchorwa upya. Mbunge Lucy McBath alishinda jimbo la 6 la Georgia mwaka 2018, ramani ikabadilishwa, akagombea la 7 mwaka 2022, kisha akarudi la 6 mwaka 2024 baada ya mahakama kuagiza ramani mpya. Kwa hiyo hakikisha kwanza mtaa wako sasa uko jimbo gani. Inaniuma kuona wafanyakazi wasio na gari wakikosa kazi nzuri kwa sababu ya usafiri tu.