Michango ya mbunge kwenye kamati haiko yote Hansard
Kuna wanaouliza kama mbunge asiyeonekana kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa bungeni, huwa amekaa kimya tu. Hapana, kutomuona humo haimaanishi amekaa kimya. Bunge la Uingereza, mbunge asiye waziri wala msemaji wa upinzani akichangia ukumbini au Westminster Hall (sehemu ya pili ya mijadala ya wabunge) utamkuta Hansard, hata kamati za kupitia miswada zimo, ila akimbana shahidi kwenye kamati teule (kamati ya wabunge inayochunguza kazi za serikali) hayo maneno hayaingii humo, kamati yenyewe ndo inayachapisha kwenye ukurasa wake wa ushahidi na kila swali lina namba yake, Q1, Q2, Q3 hadi mwisho, jina la aliyeuliza liko pale pale. Mi huwa nazisoma, wengine kazi yao nzuri iko huko kabisa. Ila vikao vya faragha hupati neno kwa neno, ni kumbukumbu fupi tu.