Namba ya siri ya bibi, kidole cha mjukuu

Huku Lamu watoto wengi hawana simu zao. Wanachezea ya mama, ya ami, na zaidi ya zote ya bibi, maana bibi hajui kumnyima mjukuu. Ushauri mwingi unaosambazwa kuhusu watoto na michezo ya simu huanza na "simu ya mtoto", na kwetu simu hiyo haipo. Iliyopo ni simu ya nyumba, inayopita mkono kwa mkono tangu watoto watoke madrasa hadi usingizi uwachukue.

Kwetu simu ikisumbua huletwa kwangu, kwa hivyo nimeshaona njia ambazo pesa za wakubwa hupitia hadi kuishia kwenye michezo ya watoto. Ya karibuni ilikuwa ya bibi mmoja wa Langoni, mshona kofia. Aliona M-Pesa yake inapungua kidogo kidogo, akadhani ni makato ya kutuma. Kufungua ujumbe, mia mbili hapa, mia mbili pale, zote zimeenda Google Play. Mjukuu alikuwa akinunua almasi za mchezo. Namba ya siri hakuiiba. Alikuwa nayo kikazi. Yeye ndiye humsomea bibi ujumbe, humtumia pesa za maziwa, humwangalizia salio. Simu yenyewe ilifunguka kwa kidole cha mtoto, kwa kuwa ncha za vidole vya bibi zimelika kwa sindano na simu haizitambui.

"Nimempa mwenyewe," bibi akaniambia. "Sasa nimgombeze kwa lipi?"

Kwa hivyo anzeni hapo, kabla ya kugusa mipangilio yoyote. Badilisheni namba ya siri ya M-Pesa, na kazi ya kumsaidia bibi ahamishiwe mtu mzima mmoja anayeaminika. Futeni alama ya kidole cha mtoto. Msipofanya hivi, yanayofuata ni kufunga mlango na kumwachia mtoto ufunguo.

Kisha ingieni Play Store, bonyezeni picha ya akaunti iliyo juu, nendeni kwenye mipangilio, tafuteni sehemu ya uthibitishaji wa ununuzi. Chagueni uulizwe uthibitisho kila mara kitu kinaponunuliwa. Msikubali ile ya kuuliza kila baada ya dakika 30: ukishaidhinisha kitu kimoja, mtoto ana nusu saa ya kununua atakavyo. Mwanya wa aina hiyo ndio ulioziponza kampuni kubwa zenyewe. Mwaka 2014 huko Marekani, Apple ilikubali kurudishia wateja si chini ya dola milioni 32.5, na Google si chini ya milioni 19, kwa manunuzi ya watoto ambayo wazazi hawakuyaruhusu. Kwa Apple mwanya ulikuwa wa dakika 15. Kama kampuni hizo zilifikishwa hapo, sioni kwa nini lawama yote tumtwike mtoto wa darasa la tatu. Na mpangilio huu hukaa kwenye simu mliyouwekea tu. Ya ami nayo iwekewe wake.

Google hulazimisha uthibitishaji kwa programu zilizopangiwa watoto wa miaka 12 kushuka. Lakini angalieni michezo wanayoipenda vijana wetu, ya bunduki na mpira: mingi imepangiwa umri wa juu zaidi, na ulinzi huo hauigusi.

Kadi ya benki iliyobaki kwenye akaunti, iondoeni. Baadhi ya laini huruhusu kulipia kwa kredo, kwa hivyo kredo nyingi isilale kwenye simu ya nyumba, nunueni bando. Mwenye iPhone atazuia ununuzi wa ndani ya programu kabisa kwenye Screen Time, iliyo ndani ya mipangilio ya simu. Kwa tableti ya watoto, Family Link, programu ya Google ya wazazi, humlazimu mtoto kuomba ruhusa, na ombi likaja kwenye simu ya mzazi.

Mtoto naye aelezwe, kwa hesabu anayoijua. Mchezo hauandiki shilingi kila mahali, huandika almasi na sarafu, makusudi. Nilimkalisha yule mjukuu barazani, nikamwambia ageuze zile almasi ziwe mahamri. Alihesabu, akanyamaza, akauliza kama bibi anajua.

Pesa zikishatoka, msichelewe. Google hupokea maombi ya kurudishiwa, na nafasi nzuri ni ndani ya saa 48. Mkipitisha hapo, mtaelekezwa kwa aliyetengeneza mchezo, na huyo ana kanuni zake. Mtoto akiwa amefuta ujumbe, ombeni taarifa ya M-Pesa kwa *334#, mtaona kilichokatwa na lini. Na kama alichobonyeza ni usajili wa kila mwezi, kufuta mchezo kwenye simu hakuukomeshi. Ingieni sehemu ya malipo na usajili ya Play Store, muusitishe huko.